Maji ya Saa Nne

Kila siku ya kazi, saa nne kasorobo asubuhi, Tusajigwe alivaa buti zake za mpira, akachukua chupa ya kioo iliyofungwa kamba shingoni, akatoka kwa mlango wa nyuma wa kiwanda cha Rangi Saba kwenda kuchota maji ya mfereji. Ikitimia saa nne, chupa inaingia majini. Si saa nne na dakika tano. Miaka tisa alifanya hivyo, mvua ikinyesha, jua likiwaka, hata alipokuwa na mimba ya miezi minane, mpaka walinzi wa geti wakawa wanamtania kwamba siku ya kuzikwa kwake atawasubirisha watu makaburini hadi saa nne itimie.

Ukimuuliza kwa nini saa nne, hajui. Alikuta hivyo. Yule aliyemwachia maabara alimsimulia kwamba zamani, enzi za marehemu baba yake bosi, kulikuwa na mkaguzi aliyekuwa akija kila Jumatano, na gari lake lilikuwa likiingia saa nne, chai iko mezani. Basi maji yakawa yanachotwa saa nne ili mgeni asingoje. Mkaguzi akaacha kuja, labda alistaafu, labda amekwisha kufa. Saa yake ikabaki. Ndivyo tulivyo bwana, kitu kikishaandikwa kwenye daftari mwaka mzima hakuna wa kukigusa, utadhani kimeshuka na amri kumi.

Rangi Saba ni kiwanda cha vitenge na mashuka, kipo mbele kidogo ya Gongo la Mboto ukitokea mjini. Nguo inaingia nyeupe, inachemshwa kwa magadi makali, inatiwa rangi na chumvi nyingi, inasuuzwa mara nne au tano, inakaushwa. Maji yote yanapumzika kwenye bwawa moja dogo, kisha yanatoka kwa mfereji wa wazi kushuka bondeni kwenye makazi ya watu. Kazi ya Tusajigwe ilikuwa kuyapima yanapotoka: yana moto kiasi gani, chumvi kiasi gani, magadi kiasi gani, na rangi yake ikoje. Akishapima anaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule za masista.

Alikuwa mtu wa vipimo tangu utoto wake huko Rungwe. Alisomea maabara Mbeya, akaolewa na Allen, dereva wa malori ya Tunduma, akaletwa Dar. Nyumbani hata maji ya ugali aliyapima kwa kikombe, jambo ambalo mama mkwe wake, Mama Sesilia, aliwahadithia majirani huku akifuta machozi ya kicheko. Hakuwa mwongeaji. Lakini akishapima kitu, huwezi kumwambia vinginevyo.

Mwaka juzi ikaja fomu. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanataka kujua, kabla hawajaagiza shuka hata moja, kila kilo ya nguo imekula maji lita ngapi, umeme kiasi gani, imetapika uchafu kiasi gani. Maswali mia na kumi na mbili, na mwisho wake unapewa alama kama mtoto wa darasa la saba. Bosi, Hasnain, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyerithi kiwanda kwa baba yake, aliishika ile fomu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzie analia. Akamwita Tusajigwe ofisini, akamwambia wakipata chini ya alama sitini oda inakwenda nchi nyingine, na watu mia mbili na ishirini watakwenda nyumbani. Hakumtisha. Alimwambia hali halisi.

Tusajigwe akaingia kazini, na hapo ndipo mngemwona alivyo. Alifunga mita kwenye kila bomba. Penye bomba lisilokubali mita alikaa na ndoo na saa ya simu, anahesabu sekunde. Miezi miwili alizunguka kiwandani na daftari, anatoka jasho, mafundi wanamwita mama mita. Akagundua kwamba kilo moja ya nguo ilikuwa inakula lita mia na kumi, na karibu nusu yake ilikuwa maji ya asubuhi. Maana pale Rangi Saba rangi hupikwa usiku, na kuanzia alfajiri mpaka saa nane mashine zinasuuza tu. Ule msuuzo wa mwisho maji yake ni meupe, unatia mkono unahesabu vidole, na yote yalikuwa yanakwenda mferejini.

Akapendekeza kitu rahisi mno, hata Hasnain aliona haya kwamba hakukiwaza yeye. Maji ya msuuzo wa mwisho yasitupwe. Yavutwe kwa pampu yarudi kwenye tangi, yasuuze nguo inayofuata. Wakafanya. Lita mia na kumi zikashuka zikawa sitini. Mfereji uliokuwa unajaa asubuhi mpaka magotini ukabaki na kijimkondo cha kulowesha nyayo, cheupe vilevile. Fomu ikaenda, alama zikarudi: kutoka thelathini na nane mpaka sitini na sita. Hasnain akawakusanya watu uani, akakata keki, akasema yote ni kazi ya dada Tusa, wakapiga makofi. Tusajigwe alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akampigia Allen simu yuko foleni ya mpakani, akamwambia kwamba leo mkeo ameokoa maji ya kutosha mtaa mzima. Na alikuwa anasema kweli.

Sasa njooni nyumbani kwake, maana shida ilikuwa inamngoja kule.

Nyumba yao ilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka kiwandani. Kiwanja alikinunua baba mkwe wake, Mzee Polikarpo, alipokuwa mfanyakazi wa reli, na ule mfereji wa Rangi Saba ulipita nyuma kabisa ya uwanja wao. Mzee alipostaafu alipata kiharusi. Si kikubwa, lakini mkono wa kushoto ulilala na mguu ukawa unaburuta. Mwaka mzima alikuwa wa kulala na kuangalia bati. Siku moja akaomba jembe. Akalima tuta moja la mchicha kando ya mfereji kwa mkono mmoja, kisha la pili, kisha matembele. Mkono ukaanza kuamka. Mama Sesilia aliamini kabisa kwamba hospitali haikumponya mumewe, bustani ndiyo iliyomponya, na mie sina sababu ya kumbishia. Muuza mboga wa sokoni, Salma, akawa anakuja alfajiri kufungasha mafungu. Mzee akawa mtu tena mbele za watu.

Tusajigwe hakuwahi kuikanyaga bustani ile. Nyie wa mjini mtacheka, lakini kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe wake hawatazamani. Wanauita mwiko huo ukutila. Haongei naye, hamtaji jina, hapiti alipopita yeye ikiwezekana, na wakikutana ghafla, mwanamke anajifunika uso na kugeukia pembeni. Wengi Dar wameshaacha, wengine wamelegeza. Nyumba ya Mzee Polikarpo haikulegeza hata uzi mmoja. Mzee alikuwa na chumba chenye mlango wake upande wa bustani, Tusajigwe alikuwa na upande wa barabarani, na kilichotakiwa kusemwa kilipita kwa Mama Sesilia au kwa Allen. Miaka kumi na moja waliishi hivyo bila neno baya. Msidhani ilikuwa chuki. Alimfulia mashuka, alimpikia, na mzee alimsifu kwa watu. Ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa imekwenda vizuri mpaka ilipohitajika kitu kingine.

Jumatatu moja ya Septemba umeme ulikatika, wafanyakazi wakaruhusiwa saa nane mchana. Tusajigwe akarudi kwa miguu, akifuata njia ya mfereji ili apate kivuli. Alipofika nusu ya njia, maji yakampita. Alisikia kwanza, kama mtu anamwaga pipa, kisha akayaona: meusi ya zambarau, yanatoa mvuke, povu juu. Akasimama. Akakumbuka kwamba saa nane shifti ya asubuhi inapotoka ndipo matangi yanapofunguliwa, ile rangi iliyochoka pamoja na chumvi yake na magadi yake, ili shifti inayoingia ianze na matangi matupu. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Ila hakuwahi kulitazama likitokea, kwa sababu saa nane yeye huwa maabara anaandika maji ya saa nne.

Zamani ile rangi ilikuta mfereji umejaa maji ya msuuzo, ikachanganyika nayo. Sasa ilikuta mfereji mkavu.

Akajifariji kwamba angalau saa hizi hakuna mtu wa kuyachota. Akafika nyuma ya kwao, na kupitia ua wa jirani akamwona Mzee Polikarpo amesimama ukingoni, suruali ameikunja, ndoo mkononi, maji yameshamfikia. Akaingia ndani yake mpaka katikati ya muundi. Akachota, akamwagilia tuta la kwanza. Akarudi, akachota tena. Ngozi ya miguu yake chini ya goti ilikuwa nyeupe, imepasuka, inabanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Tusajigwe akajibanza nyuma ya ua, kama ilivyompasa, akafunika uso kwa mtandio. Mpaka leo anasema kitendo kile ndicho kinachomuuma, kwamba jambo la kwanza mwili wake ulilofanya ni kujificha.

Kesho yake, saa nane, alishuka na chupa. Mshale wa kipimo cha chumvi ulikwenda mpaka mwisho ukagoma. Magadi yalikuwa ya kutosha kumenya mkono wa mtu. Akarudia mara tatu, siku tatu, akitumaini amekosea, yeye asiyekoseaga. Akayaandika kwenye ukurasa mpya, akaupeleka kwa bosi.

Hasnain aliusoma mara mbili, akavua miwani. Msidhani alimfokea. Alimwuliza nani anayatumia yale maji, akaambiwa. Akavaa miwani tena, akasema polepole, “Dada Tusa, fomu inataka kipimo cha saa ileile ya miaka yote. Tukibadilisha saa, watasema tumebadilisha hesabu, tunarudi sifuri.”

Tusajigwe akamwomba basi waweke kibao pale bondeni, cha kuwaonya watu. Hasnain akasema kibao hicho mtu akikipiga picha, kesho kiwanda kimefungwa. Akamweleza kwamba bwawa la pili, la kusafishia rangi, limo kwenye mpango, michoro iko tayari, litajengwa oda mpya ikisainiwa, na oda itasainiwa alama zikifika sabini. Kisha akamuuliza, kwa huruma kabisa, kama watu wa bondeni hawawezi kumwagilia kwa maji ya bomba. Bomba la bondeni hutoa maji mara mbili kwa wiki, na watu wanapanga madumu toka alfajiri kupata ya kunywa. Akamwambia hivyo. Hasnain akatikisa kichwa, akasema pole sana. Pole yake ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia mtu.

Basi ikabaki nyumbani. Na lilikuwa jambo dogo, ndivyo alivyojiambia usiku ule na siku zilizofuata: mzee aache tu yale maji ya mchana. Nani hawezi kumwambia mzee sentensi moja?

Alimpigia Allen, akamkuta Tunduma. Allen alimsikiliza, akasema hayo si maneno ya kumwambia baba kwenye simu, eti mboga zako ni sumu, mzee mwenye presha. Akirudi atakaa naye vizuri. Lini? Wiki mbili, tatu, mzigo umekwama mpakani. Barua hakuweza kuandika, kwani macho ya mzee yalikuwa na ukungu na kila karatasi alisomewa na mkewe. Hivyo akarudi kwenye njia ya kawaida. Alimkuta Mama Sesilia anachambua mchele, akakaa chini, akamweleza yote, hatua kwa hatua, maji ya asubuhi na maji ya mchana, chumvi, magadi, ile miguu. Mama alimsikiliza kwa makini, akaacha kuchambua. Akasema amesikia, atamwambia mzee.

Na akamwambia, lakini mwenzenu Mama Sesilia alikuwa amemuuguza mume yule mwaka mzima, amemgeuza kitandani, amemlisha kwa kijiko. Alipokwenda kukaa naye jioni, akaona uso wake umechangamka anahesabu matuta, ulimi ukawa mzito. Akaanzia na lile jema, lile baya akaliacha kwa siku nyingine. Akamwambia mzee kwamba mke wa mwanao yule, maji ya kiwanda anayapima mwenyewe kila asubuhi, na anasema ni mazuri. Akaishia hapo.

Loo! Mzee Polikarpo alifurahi kiasi kwamba kesho yake aliongeza matuta mawili. Akawaambia majirani wenye wasiwasi na yale maji kwamba mkwe wake ni mtaalamu na ameyapitisha. Wawili katika hao nao wakaanza kuchota.

Tusajigwe aliyasikia haya kwa Salma, muuza mboga, aliyempongeza. Alikwenda chumbani akakaa kitandani, hajui ashike lipi aache lipi. Mama Sesilia alipoulizwa alilia, akasema atamalizia yaliyobaki, mwanangu nipe siku mbili. Siku mbili zikawa kumi. Kila mchana saa nane, Tusajigwe akiwa maabara kiwandani, alisikia matangi yanafunguliwa. Aliyajua maji yanachukua dakika ngapi kufika kwao. Alikuwa ameyapima.

Siku ya kumi na moja aliomba ruhusa. Alitoka saa saba na nusu, kabla matangi hayajafunguliwa, akashuka ile njia mbio mbio, buti miguuni, mpaka akayatangulia maji. Mzee alikuwa ukingoni ameshika ndoo. Tusajigwe hakujibanza. Aliingia bustanini, akapiga magoti kwenye matope hatua tano nyuma yake, akainamisha uso asimwone, akafungua mdomo.

“Shikamoo baba. Nisamehe. Maji haya ya mchana yana dawa kali za kiwandani, mie ndiye ninayeyapima. Usiyamwagilie, usiyakanyage. Nakuomba sana.”

Ndoo ikaanguka. Mzee Polikarpo hakugeuka. Alivuta kola ya shati mpaka machoni, akaondoka upande upande mguu ukiburuta, akajikwaa kwenye tuta, akainuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Tusajigwe akabaki amepiga magoti. Maji yakafika, meusi, yakapita.

Sasa nisikilizeni. Wiki ile alipigiwa simu na watu saba. Baba mdogo wa Tukuyu alipiga, akasema tangu azaliwe hajasikia balaa kama hilo. Shangazi wa Kyela alipiga. Mama yake mzazi alipiga kutoka Rungwe, analia kwa aibu, akamuuliza kama siku hizi anakunywa pombe. Allen alipiga kutoka mpakani, sauti imemkauka, akasema hata kama nyumba ilikuwa inaungua angemtuma mama.

“Mama nilimtuma,” Tusajigwe akasema.

Allen akasema hayo ni mengine, kwanza tumalize hili. Likazungumzwa mno, likapangwa kwenye simu na mikoani, likafika kwenye faini: jogoo mmoja, kitenge kwa mama, na kuomba msamaha kupitia kwa mama huyohuyo. Watu saba, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa amemwambia mzee nini.

Mzee alijifungia. Hakwenda bustanini siku ile, wala iliyofuata, wala wiki ile nzima. Tusajigwe alikuwa amepata alichokitaka, haya basi. Maji ya mchana yalipita nyuma ya kwao bila kuguswa. Na jua la Oktoba likafanya yake. Mchicha ulilala chini, matembele yakakunja majani, Salma alikuja mara mbili akaondoka na kapu tupu, akaacha kuja. Ndani ya chumba, Mama Sesilia alisema mkono wa kushoto umeanza tena kuwa mgumu. Mzee hakishiki kijiko vizuri. Anaangalia bati. Tusajigwe aliyapokea maneno hayo akiwa anakuna nazi, akaendelea kukuna mpaka kifuu kikatoboka. Angefanya nini? Akimrudisha mzee bustanini anamrudisha kwenye sumu, akimwacha ndani anamrudisha kitandani. Alipiga hesabu hiyo kwa kila namna anayoijua, haikutoa jibu.

Kazini fomu ilikuwa imerudi kwa awamu ya pili. Maji ya saa nne yalikuwa masafi kuliko mwaka wowote. Swali la tisini na tatu liliuliza kama wakazi wa jirani wamewahi kuleta malalamiko kuhusu maji yanayotoka. Hasnain alimtazama, akamuuliza kama kuna mtu yeyote wa bondeni aliyekuja getini kulalamika.

“Hapana,” Tusajigwe akasema. Hakuna aliyekuja.

Akaandika hakuna, kwa ule mwandiko wake mzuri. Wiki hiyohiyo alama zikatoka: sabini na nne. Hasnain akaiweka karatasi kwenye fremu, akaitundika ukutani ofisini, na kwa kweli alikuwa wa kwanza kumkumbusha kwamba sasa bwawa la pili litajengwa, pengine mwakani, pengine mwaka wa kesho kutwa, kutegemea wanunuzi watakavyosaini.

Jumapili baada ya misa Mama Sesilia alikuja upande wa barabarani, akiwa amevaa kile kitenge cha faini. Akavuta kigoda, akakaa karibu na Tusajigwe aliyekuwa anamenya viazi. Akamwambia mzee amepokea jogoo, amesema yameisha, wala yasirudiwe tena na mtu yeyote, hata Tukuyu wameshaambiwa. Tusajigwe akashukuru. Mama hakuondoka. Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

“Na amesema alikusikia,” akasema. “Neno kwa neno.”

Kisu kikasimama. Tusajigwe alihisi kitu kifuani kinainuka, kitu kinachofanana na furaha, maana ndicho alichokuwa anakitafuta tangu Septemba, asikike na mtu mmoja tu.

Mama akaendelea kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu aliyekaririshwa na anaogopa kusahau. Safari hii hakupunguza kitu. “Anasema yale maji ya mchana alijua yanawasha, alidhani ni kuwasha tu. Tena mwanzo hakuwa anayachota. Alikuwa anamwagilia asubuhi, maji meupe, mengi, yanajaa mpaka ukingoni. Tangu mwaka juzi ya asubuhi yamekatika, yanakuja ya kulowesha miguu tu, ndiyo maana akahamia mchana. Hana ugomvi na mtu. Anakuomba, wewe uliyeko kule ndani, uwaulize maji ya asubuhi wameyapeleka wapi. Wakiyarudisha, haya mengine hatayagusa maisha.”

Mlango wa ndani wa chumba cha mzee, kule ng'ambo ya korido, ulikuwa wazi kidogo. Ndani kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Tusajigwe alijua maji yalikwenda wapi. Yalikuwa kwenye tangi, yanasuuza shuka za ng'ambo. Yalikuwa kwenye ile fremu ukutani. Lita hamsini kwa kila kilo, yeye ndiye aliyezihesabu kwa ndoo moja moja, yeye ndiye aliyekatiwa keki. Kuyarudisha mferejini ni kushusha alama, na alama zikishuka oda inaondoka, na watu mia mbili na ishirini, yeye akiwemo, na bwawa la pili pia. Alitafuta neno la kumpa mama alipeleke kule chumbani, neno la kweli ambalo mzee angeweza kulibeba. Hakulipata. Machozi yalikuwa yanataka kuja na hakuwa na sababu ya kumwonyesha mama mkwe aliyekuja na habari njema.

“Mwambie nitawauliza,” akasema.

Mama Sesilia akamshika bega, akamwombea baraka, akaenda. Tusajigwe alisikia anamnong'oneza mzee, kisha akasikia kitanda kinalia, mtu anainuka kwa shida. Baada ya muda mzee akawa anamuuliza mkewe, kwa sauti yenye uhai ambayo haikusikika nyumba ile kwa wiki mbili, jembe lake limewekwa wapi.